Gari ya koperative inapozima ovyo na mishale ya tablo inapodanganya

Katika toleo hili tunaacha kidogo mbegu, mbolea na ugonjwa wa migomba, tuzungumze juu ya gari. Kuna watakaouliza: gazeti ya wakulima na ufundi wa gari wapi na wapi? Sisi tunajibu hivi. Koperative nyingi za njia ya Sake, Masisi na Rutshuru ziko na gari moja tu, mara nyingi Hilux au Dyna ya zamani iliyokwisha kutembea Japani, ikashuka Mombasa au Dar es Salaam, halafu ikapanda mpaka kwetu. Gari hiyo ikizima kwenye mlima wa Sake saa kumi na moja jioni na maziwa nyuma, hasara haiko ya shofa peke yake. Maziwa yanaganda, kabichi zinaoza, viazi vinapigwa jua, na watu wanalala kwenye barabara ambayo hakuna mtu anapenda kulala juu yake. Kwa hiyo kuijua gari ni kazi ya koperative sawa na kujua kukausha maharagi.

Maswali yaliyotufikia zaidi ni mawili. La kwanza: “Gari yetu inazima kila ikisimama, tufanye nini?” La pili: “Mshale wa esansi unasema tanki imejaa na gari imekauka.” Mwanzoni tulitaka kuyajibu katika masomo mawili mbalimbali. Lakini tulipokaa pamoja na mafundi wa hapa Goma tukaona kwamba mara nyingi maswali hayo mawili yako na mzizi mmoja, na mzizi huo unaweza kuutafuta wewe mwenyewe nyumbani, na kle mbili, turnevisi moja, kitambaa na ampule ndogo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ralanti ni mwendo wa injini wakati gari imesimama na mguu hauko kwenye akselereta. Injini inazunguka polepole, inajipumulia tu. Katika gari nyingi ndogo za esansi ni kati ya mizunguko 650 na 850 kwa dakika; namba kamili mara nyingi imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kifuniko cha injini, kama jua na mvua havijaila. Tablo ni ubao ule wenye mishale na taa mbele ya shofa. Masi ni njia ambayo umeme unarudia kwenye batri: waya mzito unaotoka upande wa kutoa wa batri na kufungwa kwenye injini na kwenye bodi. Neno hili la mwisho mulishike, tutarudi kwalo mara nyingi.

Kabla ya kugusa visi yoyote, muulize shofa swali moja: inazima wakati gani? Hatusemi hivi kwa kujaza karatasi. Jibu la swali hilo linakata nusu ya kazi. Tumeona watu wanafungua karbirateri yote, wanatandaza vipande kwenye gunia, wanapoteza kispringi kimoja katika mawe meusi ya lava, na ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa batri.

Ikiwa inazima asubuhi tu, injini ikiwa baridi, halafu ikishapata moto inatulia, angalia choki. Ni kile kibati kidogo juu ya karbirateri kinachofunga hewa wakati wa baridi. Pengine kebo yake imeshika kutu na haifungi vizuri. Ikiwa ni kinyume, asubuhi iko sawa lakini ikipata moto inatoa moshi mweusi na kuzima, basi choki inabaki imefungwa. Chunguza kwa macho: toa kifuniko cha filtri ya hewa wakati injini ina moto na imezimwa. Kibati lazima kisimame wima, njia iwe wazi.

Ikiwa inazima baada ya mvua, fungua kofia ya delko, pangusa maji ndani kwa kitambaa kikavu, angalia kama kuna mstari mwembamba mweusi, yaani ufa ambao cheche zinapitia. Ikiwa inazima shofa anapokanyaga breki, usikimbilie breki zenyewe. Kuna duriti moja nene inayotoka kwenye injini na kwenda kwenye lile chungu kubwa la breki. Likivuja, injini inavuta hewa ya wizi na ralanti inaanguka. Jaribu hivi: zima injini, kanyaga breki mara tano au sita, bakisha mguu juu yake, halafu washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, ni vizuri. Ikibaki ngumu kama jiwe, kuna kuvuja au chungu kimekufa, na gari hiyo isibebe mzigo mpaka itengenezwe. Hapo tunasema wazi: shofa wanaoshuka milima na injini imezimwa ili kubana esansi wanajinyima nguvu hiyo ya breki. Esansi wanayookoa haifiki bei ya sanduku la mtu.

Ikiwa inazima wakati wa kupanda tu, na kwenye tambarare inatulia, hiyo siyo ralanti. Ni esansi isiyofika: filtri imejaa uchafu, au pompi imechoka, au ndani ya tanki kuna maji. Na ikiwa inazima usiku, wakati taa zimewashwa, ni umeme. Tutalifikia.

Sasa jambo la kwetu kabisa, ambalo vitabu vya Japani havikuwaza sana. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na milima ya Masisi inapita mita 2,000. Hapa juu hewa ni nyembamba: kwa kila pumzi injini inapata hewa pungufu, kama sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na Mombasa. Lakini karbirateri ya zamani haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumimina esansi ileile. Matokeo: esansi nyingi, hewa kidogo, buji nyeusi, harufu kali nyuma ya gari, ralanti inayotetemeka, na pesa ya koperative inayotoka kwenye bomba la moshi. Toa buji moja uiangalie. Rangi ya kahawia kama kahawa ya maziwa ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria ni esansi iliyozidi. Nyeupe ni hewa iliyozidi, labda kuna mahali panavuja. Ikiwa imelowa mafuta ya injini, hapo ni injini yenyewe imechoka na somo hili halitaitibu.

Kwa hiyo anza na vitu visivyo na bei. Filtri ya hewa kwanza. Vumbi la barabara zetu, pamoja na ule unga mweusi wa volkano, linaziba filtri mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu. Gari inayopanda Masisi wakati wa kiangazi, filtri yake ikaguliwe kila wiki. Igonge taratibu chini, au ipulizie upepo kutoka ndani kwenda nje, kamwe siyo kutoka nje kwenda ndani. Usiioshe na esansi ikiwa ni ya karatasi. Na usitembee bila filtri “kwa muda tu”. Mchanga wa lava ni kama msasa, na unaingia moja kwa moja kwenye pistoni.

Pili, duriti ndogo ndogo. Karibu na karbirateri kuna vimpira vyembamba vingi, na baada ya miaka 30 vimekauka vikapasuka. Washa injini, chukua maji ya sabuni, yadondoshe kidogo kidogo kwenye kila maungio na chini ya karbirateri inapokaa juu ya injini. Mlio ukibadilika, injini ikatulia au ikajikaza, hapo ndipo hewa inaingia. Kuna mafundi wanafanya jaribio hili kwa kunyunyizia esansi. Musiwaruhusu. Injini moto na esansi ni nyumba ya moto, na gari nyingi zetu zinalala karibu na stoo ya mavuno.

Tatu, esansi yenyewe. Wengi tunanunua kwa bidoni kwa vijana wa kadafi, na wengine wao ni waaminifu kabisa. Lakini bidoni iliyobaki wazi usiku wa mvua haina uaminifu. Weka esansi kidogo katika chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iache itulie robo saa. Maji ni mazito, yatakaa chini, utaona mstari. Tone moja la maji katika jikleri ya ralanti, kile kitundu kidogo kuliko jicho la sindano, linatosha kuzima gari kila ikisimama na kuiacha ikimbie vizuri ukikanyaga. Dalili hiyo mukiiona, gari inakimbia vizuri lakini haikubali kusimama, fikirieni jikleri ya ralanti mbele ya kitu kingine. Kwenye karbirateri nyingi za Toyota na Nissan za miaka ya 1980 kuna pia kivalvu cha umeme kinachofungua njia ya ralanti. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, mwenzako asikilize karibu: kinapaswa kupiga “tik”. Kikinyamaza, angalia waya wake na fizibule kabla ya kukitupa.

Baada ya hayo yote, na siyo kabla, ndipo unaweza kugusa visi mbili za karbirateri. Moja inasukuma mkono wa akselereta, ni ya mwendo. Nyingine, ndogo na yenye ncha, inapima mchanganyiko wa esansi na hewa. Injini iwe na moto wa kawaida, taa zizimwe, gari iwe katika nyutro na jiwe nyuma ya gurudumu. Ukiwa umezima injini, funga visi ya mchanganyiko kidogo kidogo mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, na andika hesabu hiyo kwenye kaye. Usiikaze, ncha yake itaharibika. Irudishe ilipokuwa. Washa. Sasa izungushe robo kwa robo kwa kuifunga, ukisikiliza. Kuna mahali injini inazunguka kwa kasi zaidi na laini. Ukipita hapo inaanza kukohoa. Rudi pale pazuri. Kisha punguza mwendo kwa ile visi nyingine. Hapa kwetu, kwa sababu ya mlima, mara nyingi visi ya mchanganyiko itaishia imefungwa kuliko ilivyotoka kiwandani, na hiyo ni kawaida. Ikiwa hata ukiifunga yote injini haibadiliki, visi haiko tatizo. Ndani kuna uchafu au floteri inajaza esansi kupita kiasi, na hapo mupelekee makanisiye.

Dawa tunayoiona sana, na ambayo hatuipendi, ni kupandisha ralanti tu. Gari inazima? Kaza visi ya mwendo, injini ilie kwa nguvu, basi haizimi tena. Ni kama kumpigia kelele mgonjwa ili asilale. Injini ya lita mbili inakunywa kama lita moja kwa saa ikiwa imesimama tu, na ukiipandisha inakunywa zaidi. Hesabu masaa ambayo gari yenu inangoja kwenye vizuizi na kwenye soko la Virunga.

Jambo moja la usalama kabla ya kuingia kwenye mishale. Usiwashe injini ndani ya stoo iliyofungwa. Moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya. Na sisi wa Goma na Sake tunajua adui mwingine, mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa kwenye mabonde. Shimo la kuingia chini ya gari, likichimbwa mahali penye mazuku, linajaa hewa hiyo. Fundi anashuka na hapandi. Kama mnyama mdogo, kuku au mbuzi, amewahi kufa bila sababu katika bonde hilo, usitengenezee gari hapo. Hata injini yenyewe ikiingia katika mazuku inazima, kwa sababu haipati hewa ya kuunguza esansi.

Sasa mishale. Gari ya zamani haina kompyuta. Mshale wa esansi na mshale wa moto vinafanya kazi kwa namna moja: umeme unatoka batri, unapita kwenye mshale, unafuata waya mpaka kwenye kifaa kimoja mwisho wake, halafu unaingia masi. Ndani ya tanki kifaa hicho ni mkono wenye floteri. Kwenye injini ni kile kidude cha shaba kilichozamishwa katika maji. Kwa hiyo mshale ukidanganya, uongo unatoka sehemu moja kati ya nne: umeme unaokuja, mshale wenyewe, waya, au kifaa cha mwisho. Tano, tukihesabu masi. Na sisi tungeanza na masi.

Kwa nini masi? Kwa sababu ya kutu, na kutu ya kwetu ina msaada mkubwa. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo inakuwa na asidi. Watu wa upande wa Rusayo wanajua inavyokula mabati ya nyumba. Asidi hiyohiyo inakula pale waya wa masi unapofungwa kwenye chuma. Halafu dalili zinakuja pamoja na watu wanaziona kama magonjwa matano. Taa zinafifia gari ikisimama. Mshale wa moto unapanda shofa akiwasha taa, unashuka akizima. Mshale wa esansi unacheza. Demareri inalia polepole. Na ralanti inaanguka usiku, kwa sababu cheche za buji ni dhaifu na altenateri inafanya kazi nzito kupita njia mbovu. Je, mshale wa moto unaweza kupandishwa na taa? Maji hayajui kama taa zimewaka. Ukiona hivyo, ujue ni umeme.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua kebo ile ya kuazimia batri. Funga upande mmoja kwenye nguzo ya kutoa ya batri, upande wa pili kwenye chuma kisafi cha injini. Washa, washa na taa. Mambo yakitulia, masi ya injini ndiyo mbaya. Yasipotulia, hamisha upande wa pili kwenye bodi. Ukishapata, zima injini, fungua nati, sugua waya na chuma mpaka ving'ae, funga kwa nguvu, paka grisi juu. Kazi ya nusu saa, bila kununua kitu. Usafishe na vichwa vya batri kwa maji ya moto, ukianza kutoa upande wa masi na kuurudisha mwisho, ili kle isilete cheche ikigusa bodi.

Kama masi iko nzuri, tazama mishale yote miwili kwa pamoja. Ikiwa ya esansi na ya moto imekufa siku moja, au yote inapanda juu kupita kiasi, tatizo liko nyuma ya tablo: fizibule, au kile kifaa kidogo kinachopunguza umeme kwa ajili ya mishale. Vifaa viwili vilivyo mbali hivyo, kimoja kwenye tanki na kingine kwenye injini, havifi siku moja. Ikiwa ni mmoja tu, shuka kwenye mwisho wa waya.

Kwa mshale wa moto: injini ikiwa baridi na imezimwa, geuza ufunguo, chomoa waya wa kidude cha shaba. Mshale ukae chini. Halafu chukua ampule ndogo ya tablo yenye waya mbili, funga upande mmoja kwenye waya uliochomoa na mwingine kwenye chuma cha injini. Mshale ukianza kupanda, tablo na waya viko vizima, badilisha kidude. Usipopanda, waya umekatika au mshale umekufa. Musiunganishe waya moja kwa moja kwenye chuma bila ampule. Mshale unaweza kuungua. Na mukifunga kidude kipya, musikizungushie ule utepe mweupe wa mafundi bomba: unakizuia kupata masi, halafu mutarudi kulalamika kwamba kipya nacho kimekufa.

Kwa mshale wa esansi jaribio ni lilelile, lakini lifanyieni kwenye kiungio cha waya kilicho mbali na tanki, siyo juu ya mdomo wake, hakuna sigara, na hakuna bidoni wazi. Waya ukichomolewa, katika Toyota nyingi mshale unaenda kwenye tupu. Ukipita kwenye ampule unapanda kuelekea kujaa. Gari nyingine zinafanya kinyume. La muhimu ni mshale usogee. Ukisogea, ugonjwa uko ndani ya tanki: floteri imetoboka ikazama, na mshale utasema tupu siku zote, au mkono umekwama juu, na utasema imejaa mpaka gari izime Kibumba. Kutoa kifaa hicho ni kazi ya mchana, nje, tanki ikiwa karibu tupu.

Tungependa kukaa kidogo juu ya mshale huu wa esansi, kwa sababu ndio unaoharibu koperative. Mshale ukifa, hakuna anayejua esansi imeenda wapi. Kamati inamwangalia shofa, shofa anakasirika, na tumeona koperative nzuri ikigawanyika kwa sababu ya bidoni mbili. Katika mkutano mmoja tuliohudhuria, mama prezida alisema kwa upole, “Papa shofa, hatusemi umekula esansi, tunasema hatuioni.” Naye akajibu, “Mama, hata mimi siioni.” Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mpaka mutengeneze mshale, tumieni kaye. Jaza tanki mpaka mdomoni, andika kilometa. Safari inayofuata jaza tena mpaka mdomoni, andika lita na kilometa. Ikiwa mumetembea kilometa 210 na tanki imepokea lita 30, gari inakunywa lita 14.3 kwa kilometa 100. Fanyeni mara tatu au nne, mutapata tabia ya gari yenu kwenye njia yenu, na mzigo wenu. Siku ikiruka mpaka 19 kuna jambo: ama choki imebaki imefungwa, ama tanki inavuja, ama kuna mtu wa kuuliza. Lakini angalieni gari kwanza.

Mshale wa moto una hatari ya namna nyingine. Hapa Goma maji katika sufuria yanachemka karibu digrii 95, siyo 100, na juu ya Masisi mapema zaidi. Kinachozuia maji ya radiateri yasichemke ni ile kofia yenye springi, inayoyafunga kwa nguvu. Kofia ikiwa na mpira uliokatika, au mtu akaweka kifuniko cha kubahatisha na gunia la plastiki, gari itachemka kwenye kila mlima hata kama injini ni nzima. Kofia mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na joini ya kulasi. Maji nayo: maji ya ziwa Kivu yana chumvi nyingi za madini, yanaacha ukoko mweupe ndani ya radiateri kama ule wa birika. Tumieni maji ya radiateri yanayouzwa, au yale ya chemchemi isiyoacha ukoko.

Mshale ukipanda kwenye mlima: punguza mwendo, simama mahali salama, acha injini izunguke kwenye ralanti dakika moja au mbili kama maji bado yapo, kisha zima. Usifungue kofia. Ngoja mpaka uweze kushika duriti ya juu kwa mkono bila kuungua. Usimwage maji ya baridi katika injini yenye moto mkali, kulasi inapasuka. Na kitu ambacho shofa wengi hawakijui: mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla katikati ya mlima, usifurahi. Inawezekana maji yamekwisha, kile kidude kimebaki katika mvuke, na hakina tena cha kupima. Simama hapohapo.

Taa nyekundu ya mafuta ya injini ndiyo pekee isiyotaka mjadala. Ikiwaka wakati wa mwendo, zima injini kabla hata ya kutafuta kivuli. Pima mafuta kwa fimbo yake. Yakiwa chini, ongeza na utafute yanapovuja. Yakiwa sawa na taa bado inawaka, chomoa waya wa kidude chake: taa ikibaki imewaka, waya umeguswa na chuma mahali, ikizima, usiwashe tena injini mpaka fundi apime nguvu ya mafuta kwa kipimo cha mkono. Lakini kuna hali moja ambapo taa hii inarudi kwenye somo letu la mwanzo: inapepesa tu gari ikisimama na moto, na inazima ukikanyaga kidogo. Ralanti ikiwa chini sana, pompi ya mafuta inazunguka polepole na nguvu inashuka. Taa ya batri nayo inapepesa kwa sababu hiyohiyo. Rudisheni ralanti mahali pake. Taa ya batri ikitulia na ya mafuta ikiendelea, mafuta ni mepesi au yamezeeka, au injini imelegea ndani.

Wenye gari za mazutu, hamna buji wala karbirateri, na robo tatu ya mambo ya ralanti hapo juu hayawahusu. Kwenu ralanti inayotetemeka ni karibu kila mara hewa katika njia ya mazutu, au filtri iliyojaa maji. Fungueni kile kivisi cha chini ya filtri, acheni maji yatoke mpaka ije mazutu safi, kisha pampu kwa mkono mpaka pagumu. Ya mishale na masi ni yaleyale.

Mukifikia mahali pa kwenda garaji, peleka kaye pamoja na gari. Mwambieni makanisiye inazima wakati gani, mumejaribu nini, mshale ulifanya nini mulipotia ampule, visi ilikuwa mizunguko mingapi. Mupatane bei ya kazi kabla hajafungua, na vipande vya zamani avirudishe mikononi mwenu, katika kartoni, pamoja na risiti ya vipya.